Unaposhuka Bondeni: Kujikinga na Madhara ya Joto Kazini kwa Watu wa Ufipa

Ndugu msomaji, mji wa Sumbawanga uko juu ya uwanda wa Ufipa, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mwezi Juni na Julai wakazi wake huvaa makoti na masweta, na mgeni atokaye Dar es Salaam hujuta kutobeba blanketi. Kwa sababu hiyo wapo watakaouliza kwa nini kijitabu hiki kinawaletea Wafipa na majirani zao habari za joto.

Jibu liko chini ya mteremko. Uwanda huu umekaa kati ya maziwa mawili. Upande wa mashariki ardhi inaporomoka hadi kwenye bonde la Ziwa Rukwa, ambalo uso wake uko kama mita 800 tu. Upande wa magharibi inashuka hadi Ziwa Tanganyika, penye Kasanga, Kipili na Kirando, mahali palipo chini zaidi kidogo. Kwa kawaida hewa huongezeka joto kwa nyuzi sita hivi kila mtu anaposhuka mita 1,000. Kijana aliyeamka kwenye ubaridi wa Sumbawanga akapanda gari la kwenda Muze, akipita kona za safu ya Mbizi, anaweza kufika bondeni kabla ya saa sita mchana na kukuta joto ambalo mwili wake haujawahi kufanya nalo kazi. Huenda alikwenda kuvuna mpunga au ufuta, kupakia magunia, kuvua samaki au kujenga. Jambo la hakika ni kwamba ameajiriwa kwa sababu ana nguvu, na nguvu hizo ndizo zinazomdanganya.

Tunataka kueleweka vizuri hapa. Mzaliwa wa Mtowisa au Ilemba naye huumwa kwa joto, hasa miezi ya Septemba hadi Novemba kabla mvua hazijashika. Lakini anayeshuka kutoka juu yuko hatarini zaidi katika siku zake za mwanzo, na yeye ndiye asiyejua.

Mwili unavyojipoza

Mwili wa binadamu hukaa kwenye nyuzi 37 za Selsiasi au karibu na hapo. Misuli inapofanya kazi, robo tu ya nguvu inayotumika, au chini ya hapo, ndiyo inayoinua jembe. Sehemu iliyobaki hugeuka kuwa joto ndani ya mwili wenyewe. Maana yake ni kwamba mtu anayelima au kubeba gunia anapashwa joto na jua kutoka nje na na misuli yake kutoka ndani. Joto hilo lina njia mbili kuu za kutoka. Damu hulipeleka kwenye ngozi, na jasho likikauka juu ya ngozi huondoka nalo.

Neno la kuzingatia ni kukauka. Jasho linalodondoka chini halijampoza mtu, limempotezea maji bure. Ndiyo maana nyuzi 32 katika majaruba ya mpunga, ambako hewa imejaa unyevu na upepo hauingii, ni hatari kuliko nyuzi hizo hizo kwenye kilima kikavu chenye upepo. Wataalamu wa usalama kazini hawapimi joto la hewa peke yake. Hupima pamoja unyevu, ukali wa jua na upepo. Mkulima asiye na kipimo hicho anaweza kujiuliza maswali rahisi: je, nguo yangu inakauka au inabaki imelowa? Je, kuna upepo? Je, nimesimama juani au kivulini? Ikiwa nguo imelowa, upepo hakuna na jua liko utosini, ni wakati wa kupunguza kazi hata kama taarifa ya hali ya hewa haikusema neno.

Mwili ukishindwa kutoa joto, dalili huja kwa hatua, ingawa si lazima zifuatane. Wengine huanza na vipele vya joto, wengine kwa kukakamaa misuli ya miguu na tumbo. Kisha huja uchovu wa joto: kichwa kinauma, mtu anatoka jasho jingi, anasikia kichefuchefu na kizunguzungu, moyo unakwenda mbio. Hatua ya mwisho ni kiharusi cha joto. Hapo joto la mwili hufika nyuzi 40 au zaidi na ubongo huanza kuharibika. Mtu huropoka, hupepesuka kama mlevi, hugombana bila sababu, huanguka au hupatwa na degedege.

Kuna imani iliyoenea kwamba mwenye kiharusi cha joto lazima awe na ngozi kavu. Si kweli kwa mtu aliyeangushwa na kazi ngumu. Mara nyingi bado anatoka jasho. Alama ya kuaminika ni akili iliyovurugika.

Siku saba hadi kumi na nne

Mwili unaweza kufundishwa joto. Ukifanya kazi juani kidogo kidogo kila siku, ndani ya siku saba hadi 14 hujifunza kutoa jasho mapema na kwa wingi, kuhifadhi chumvi, na kuusukuma moyo kwa utulivu zaidi. Elimu hii ilipatikana kwa gharama ya maisha ya watu. Katika miaka ya 1920, machimbo ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, yalifika kina ambacho hewa yake ilikuwa ya moto na yenye unyevu mwingi, na wachimbaji wakaanza kufa kwa kiharusi cha joto, wengi wao wakiwa wageni wa kazi. Daktari Dreosti wa machimbo hayo alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba wageni wakizoeshwa hatua kwa hatua kabla ya kupewa kazi kamili, vifo hupungua. Baadaye vijana wa Nyanda za Juu Kusini za Tanganyika walikuwa miongoni mwa waliokwenda kuchimba huko, nao walitoka kwenye nchi ya baridi kama ya kwetu.

Kanuni inayotumika leo ni hii. Mfanyakazi mgeni asizidi moja ya tano ya kazi ya kawaida juani katika siku ya kwanza, kisha aongeze moja ya tano kila siku hadi afikie kazi kamili siku ya tano. Kwa siku ya saa nane, moja ya tano ni kama saa moja na nusu. Muda uliobaki apewe kazi nyepesi ya kivulini: kushona magunia, kupepeta, kuchota maji. Aliyewahi kufanya kazi hiyo na sasa anarudi anaweza kuanza na nusu siku. Na tusisahau kwamba mazoea haya huisha. Mtu akipanda kurudi nyumbani Sumbawanga akakaa wiki moja au zaidi, mwili huanza kuyapoteza, na akikaa mwezi mzima ni kana kwamba anaanza upya. Hali ni hiyo hiyo kwa aliyelala na malaria au kuharisha. Anaporudi kazini ahesabiwe kuwa mgeni.

Tunajua kikwazo kiko wapi. Kibarua wa bondeni hulipwa kwa ngwe au kwa gunia, si kwa saa. Akipumzika, anajipunja, akimaliza haraka, anapata ngwe ya pili. Malipo ya namna hii humfanya kijana apuuze kizunguzungu chake, na kwa maoni yetu hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko jua lenyewe. Mwenye shamba mwenye busara atapima ngwe ndogo kwa siku nne za mwanzo na kulipa chakula na posho ya siku hizo. Hasara yake ni ndogo, kwa kuwa mtu aliyezoea joto hufanya kazi zaidi kwa msimu mzima. Mashirika ya Afya na ya Hali ya Hewa ya Umoja wa Mataifa yalieleza mwaka 2025 kwamba uwezo wa mfanyakazi hupungua kwa asilimia mbili hadi tatu kwa kila nyuzi moja inayozidi 20 katika kile kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo.

Kwa saa za kazi, wenyeji wa bonde wana hekima yao ambayo mgeni afuate badala ya kuwacheka kuwa ni wavivu. Kazi nzito ianze saa 12 asubuhi na ikome kufikia saa nne au saa tano. Kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana watu wakae kivulini. Kazi irudi saa kumi jioni. Mahali pasipo na mti, kibanda cha miti minne kilichoezekwa nyasi kinatosha. Turubai jeusi au bati lililowekwa chini chini halitoi ubaridi. Hugeuka kuwa jiko.

Maji, chumvi na vinywaji vya dukani

Kiu huchelewa. Mtu anapoihisi, mwili umekwisha kupungukiwa. Anayefanya kazi ngumu juani anywe kikombe kimoja, yaani robo lita hivi, kila baada ya dakika 15 hadi 20, iwapo ana kiu au hana. Hiyo ni karibu lita moja kwa saa. Asizidishe lita moja na nusu kwa saa, kwa kuwa maji mengi mno bila chumvi huipunguza chumvi ya damu, na hilo nalo huua. Kipimo kizuri ni mkojo: ukiwa wa rangi hafifu ya manjano, hali ni njema, ukiwa mzito kama chai ya rangi, mwili unaomba maji.

Fanya hesabu kabla ya kushuka. Watu watano kwa saa sita za kazi wanahitaji takriban lita 30, yaani dumu moja na nusu la lita 20. Ni mzigo, na mara nyingi ndio unaoachwa nyuma. Maji ya Ziwa Rukwa yana magadi, nayo hayafai kutegemewa kwa kunywa. Maji ya mtoni au ya mfereji yachemshwe au yatiwe dawa, maana kuharisha ni njia ya haraka ya kukausha mwili. Unaponunua dumu lililotumika, uliza lilikuwa na nini. Dumu la viuatilifu halioshwi likawa salama, hata lisuguliwe kwa mchanga na sabuni, na anayekuuzia kwa bei ya chini amekuuzia sumu.

Chumvi ya kawaida katika chakula humtosha mtu anayekula milo yake. Anayeshinda juani siku nzima bila kula ndiye mwenye shida, na dawa yake ni ugali na mboga yenye chumvi wakati wa mapumziko. Uji au togwa isiyochacha ni kinywaji kizuri. Mtu aliyekakamaa misuli au aliyetoka jasho jingi mno anaweza kunywa maji yenye chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Pakiti za dukani za dawa ya kuharisha hufanya kazi hiyo hiyo.

Vinywaji vya kuongeza nguvu, vile vya kopo na chupa ndogo vinavyosifiwa sana na vijana wa kupakia magari, ni jambo jingine. Vina kafeini na sukari nyingi. Havimpi mtu nguvu mpya, humfanya asisikie uchovu, na uchovu ndio mlinzi wake. Anayevipenda anywe jioni, baada ya kazi. Pombe nayo hukausha mwili hata asubuhi ya pili: aliyeshinda kwenye kimpumu usiku anaingia shambani akiwa na upungufu tayari.

Wapo pia wanaotumia dawa za kuongeza mkojo kwa ajili ya shinikizo la damu, wenye kisukari, wajawazito na wazee. Hao wazungumze na mhudumu wa afya kabla ya msimu, wasiache dawa kwa uamuzi wao wenyewe. Kukaukiwa maji kazini mwaka hadi mwaka huharibu pia figo. Wakata miwa wa Nikaragua na El Salvador, wengi wao vijana, wameugua figo kwa wingi, na joto na kazi ngumu vinahesabiwa miongoni mwa sababu zake kuu.

Joto lililoko mjini

Hata asiyeshuka bondeni hayuko salama kabisa. Wafipa si wageni wa kazi za moto. Wazee wao walifua chuma katika malungu, zile tanuru ndefu za udongo ambazo mabaki yake bado yamesimama hapa na pale uwandani, nyingine zikipita kimo cha mtu mzima. Siku hizi moto uko kwenye tanuru za matofali, kwenye viwanda vya kuoka mikate, kwa mama lishe, na kwa mafundi wa kuchomelea vyuma waliojifunga nguo nzito. Uko pia ndani ya mashine za kusaga na maghala ya mahindi, chini ya bati tupu lisilo na dari, ambako vijana hupanda juu ya mlundo wa magunia hadi karibu na paa. Huko juu hewa ni ya moto kuliko chini, na vumbi huwafanya wafunge mlango. Upepo upitishwe kwa matundu ya juu na ya chini ya ukuta, na mpanda mlundo abadilishwe kila baada ya nusu saa.

Anayenyunyiza dawa shambani ana taabu ya pekee, kwa kuwa nguo inayomkinga na sumu ndiyo inayozuia jasho lisikauke. Asivue. Anyunyize alfajiri, amalize mapema.

Mtu akianguka

Sumbawanga imebeba jina ambalo wengi hulifasiri kuwa ni kutupa uchawi, na masimulizi ya uchawi hayajakoma. Kijana mwenye afya akianza kuropoka katikati ya shamba la watu, wapo watakaosema amerogwa. Wengine watasema ni malaria iliyopanda kichwani, jambo linalowezekana kabisa bondeni. Ndugu msomaji, usipoteze muda kubishana. Mtu aliyekuwa akifanya kazi kwenye joto na sasa akili imevurugika, mpoze kwanza. Kama ni malaria, kupozwa hakutamdhuru, na vipimo vitafanyika kituoni.

Mpeleke kivulini na umvue nguo nzito. Mmwagie maji mwili mzima, kichwani, kifuani, kwapani na mapajani, bila kusita, huku wengine wakimpepea kwa khanga, ungo au kipande cha boksi. Kama lipo beseni kubwa au mfereji wenye maji ya kina kifupi, mlaze humo huku mtu mmoja akimshikilia kichwa. Usimkokote hadi ziwani; Rukwa lina mamba. Endelea hadi akili imrudie au aanze kutetemeka kwa baridi. Asiyejitambua asinyweshwe kitu chochote, wala maziwa, na alazwe kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi. Panado na aspirini hazishushi joto la namna hii, na zinaweza kuongeza madhara kwenye ini na damu.

Mara tu upozaji unapoanza, mtu mmoja atafute gari na kupiga simu kituo cha afya kilicho karibu. Utaratibu ni kupoza kwanza, kusafirisha baadaye. Barabara ya kupanda mlima ni ndefu, na ubongo uliopashwa joto hauwezi kungoja hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Ndani ya gari aendelee kulowanishwa, madirisha yakiwa wazi. Mwenye uchovu wa joto tu, anayejitambua na kujibu maswali vizuri, apumzishwe, apozwe na anyweshwe maji polepole. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa naye apelekwe. Hata akipata nafuu asirudi juani siku hiyo.

Ili haya yawezekane, mtu asifanye kazi peke yake. Wapangeni wawili wawili, mwenyeji na mgeni, kila mmoja akimtazama mwenziwe. Mgonjwa wa joto huwa wa mwisho kujijua.

Sheria inasema nini

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi wake, na maji safi na salama ya kunywa ni miongoni mwa mambo anayopaswa kuyaweka. Msimamizi wa sheria hiyo ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001, na mfanyakazi anaweza kupeleka malalamiko kwake au kwa afisa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa tisa kwa siku na 45 kwa wiki bila ya saa za ziada, na inampa aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60. Haigharimu kitu kuyaweka mapumziko hayo wakati jua liko utosini.

Mwajiriwa aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi anaweza kudai chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Kwa hiyo tukio liandikwe siku hiyo hiyo: saa, mahali, kazi iliyokuwa ikifanyika, waliokuwepo, na cheti cha kituo cha afya kitunzwe. Mkulima anayelima shamba lake mwenyewe hana mwajiri wa kumdai. Naye kibarua wa msimu, ambaye mara nyingi makubaliano yake ni ya mdomo tu, ayaseme haya kabla hajapanda gari la kushuka: ngwe itapimwaje siku nne za kwanza, maji yataletwa na nani na kiasi gani, kivuli kiko wapi, na nani mwenye simu na namba ya dereva. Makubaliano hayo yafanyike mbele ya shahidi, na kama inawezekana yaandikwe kwenye karatasi, wote wawili wakatia sahihi.